Mama Amesahau Ukwe

Nkololo, Bariadi
11 Februari 2024

Mdogo wangu Januarius,

Pokea salamu za huku nyumbani. Mimi mzima, watoto wazima, mvua si haba, na pamba imeshika vizuri isipokuwa kule bondeni ambako wadudu walifika kabla ya dawa. Baba mdogo Mayige anakusalimu. Yeye ndiye aliyetoa amri hii ya barua, kwa hiyo usinilaumu. Anasema kwenye simu mimi na wewe tunatukanana kama watoto wa wake wenza, naye amechoka kuitwa kuamua. Sasa kila mtu aandike, afunge bahasha, aipeleke stendi ya Bariadi isafiri na basi la Dar kama kifurushi. Eti mpaka mtu afike stendi hasira inakuwa imeshuka. Tutaona.

Kuhusu mama. Mwaka jana daktari aliponiambia ni ugonjwa wa kusahau na hautarudi nyuma, nilikupigia, ukasema ni uzee tu. Haya, uzee tu sasa unaamka alfajiri kutafuta ng'ombe wa babu, ambao waliuzwa kabla hatujazaliwa. Unaingia majikoni kwa watu, unaonja mboga, unasema haina chumvi. Mara nyingi ni kweli haina.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni la ukwe. Wewe ulioa Moshi, ambako mama mkwe anakukumbatia getini na kukuchagulia nyama, kwa hiyo acha nikukumbushe ya kwetu. Nyumba ya mama na yangu zinatazamana, barabara katikati, na miaka yote ya ndoa yangu mume wangu Luhaga hajawahi kumtazama mama usoni. Hawakai kivuli kimoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Kwa njia hiyo wamekuwa majirani wema sana. Sasa wiki iliyopita mama alivuka barabara, akaketi kando ya Luhaga aliyekuwa anakula, akanyoosha mkono kwenye ugali wake. Luhaga aliacha tonge hewani akakimbilia kwenye pamba. Mwanaume mwenye mvi, Januarius. Na mama akamfuata huko huko. Watu waliokuwa wanapalilia waliacha majembe wakashika mbavu.

Tangu hapo ni kila siku. Mimi silali. Unakuja lini?

Dada yako,
Klementina


Tabata, Dar es Salaam
3 Machi 2024

Dada Klementina,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi yako Joyness amehamishiwa tawi la mbali, anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na watoto wako kwenye mitihani. Barua yako ilikaa muda mrefu kwenye ofisi ya vifurushi kwa sababu juu uliandika "Januarius, Dar". Dada, huku tuko wengi. Tafadhali weka namba ya simu.

Suala la mama nimelichukulia kwa uzito mkubwa. Nimehudhuria semina kuhusu dimenshia, ndilo jina la kitaalamu la huo ugonjwa, iliyofanyika hotelini nusu siku pamoja na chakula. Mtaalamu amesisitiza kwamba mlezi ajitunze kwanza. Alale usingizi wa kutosha, ale matunda, afanye mazoezi mepesi na awe na muda wa peke yake. Nakuomba sana uzingatie hayo. Pia mazingira ya mgonjwa yawekewe alama, kwa hiyo pamoja na barua hii natuma vibao vya plastiki vilivyoandikwa kwa herufi kubwa: CHOO, JIKO, MLANGO. Vilevile nimefungua kundi la WhatsApp la ukoo kwa ajili ya mama. Ndugu wameitikia vizuri mno, kila asubuhi wanatuma mikono ya sala.

Shemeji amechukua hatua gani? Mama na mkwe kufukuzana shambani mchana kweupe ni aibu ya ukoo mzima. Mwambie ahamie kwa muda huko kwenye malisho.

Kuhusu kuja, kazini kuna ukaguzi. Lakini hali si mbaya kama unavyoiona wewe uliye karibu. Nikizungumza na mama kwenye simu ananitambua kabisa. Anasema, "Ndiyo baba, ndiyo baba."

Mdogo wako,
Januarius


Nkololo
14 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Pasaka imepita salama, natumaini na kwenu. Mtoto wangu wa pili amepata komunyo ya kwanza, picha ipo ndani ya bahasha. Huyo aliyefumba macho nyuma ni mimi, na sikuwa nasali.

Vibao vimefika. Asante. Vinapendeza. Sasa niambie, mama alijifunza kusoma lini? Wewe ndiye uliyekuwa unamsomea barua za mjomba ukiwa darasa la tatu, na ulikuwa unaruka sehemu zinazokutaja. Kati yenu wawili sijui nani anasahau zaidi. Kibao cha JIKO mama amekipenda, anapepetea mchele. Cha CHOO kimetafunwa na mbuzi.

Ushauri wa mtaalamu nimeuzingatia. Mazoezi mepesi nayafanya kuanzia alfajiri, nikimfuata mama hadi barabara ya Bariadi na kurudi. Muda wa peke yangu naupata nikiwa chooni, kama hajanifuata. Na hiyo "ndiyo baba" usijivunie sana. Hata yule wa kampuni ya simu anayepiga kutangaza vifurushi vya intaneti anajibiwa hivyo hivyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo halichekeshi. Mtoto wa jirani aliugua tumbo siku mama alipoonja mboga yao. Wiki hiyo hiyo, kisimani, nikasikia mtu akisema macho ya yule bibi yamekuwa mekundu. Waliponiona wakaanza kuongea habari za ndoo. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua maneno hayo ya uchawi yakianza yanaishia wapi. Naogopa, Januarius. Usiku na mchana naogopa.

Shemeji yako hajambo. Yuko na ng'ombe.

Unakuja lini?

Klementina


Tabata
5 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, mvua imetufungia barabara, basi.

Nani amesema? Andika jina lake na la mumewe. Nimeshindwa kula tangu nisome. Nimeuliza kwenye kundi la ukoo, na kila mtu ameshtuka na kutuma mikono.

Hilo la vibao lilinipita. Tusilikuze.

Mbona shemeji unamtaja kwa mstari mmoja? Ameondoka? Kama mama amemfukuza mumeo nyumbani kwake, sema. Nimeuliza mara mbili sasa.

Ukaguzi umeongezewa muda.

Januarius


Nkololo
23 Juni 2024

Mdogo wangu Januarius,

Mwadila, usije ukasahau salamu ya kwetu. Tunavuna. Mikono imechanika lakini bei mwaka huu inasemekana itasimama. Baba mdogo Mayige aliumwa mgongo, amepona siku alipoitwa kwenye kikao nitakachokusimulia.

Umeuliza habari za Luhaga, nami nimekupiga chenga mara zote. Sasa nchi nzima inajua, bora uyasikie kwangu.

Mwishoni mwa Mei nilipeleka pamba kwenye mizani ya chama. Niliporudi, mama hayupo. Tulitafuta kwa majirani, kisimani, barabarani, hakuna. Nikaenda kwa mzee Mwandu, mtemi wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, maana sikujua pengine pa kwenda. Akaniuliza ametoka saa ngapi, ameelekea upande gani, ana alama gani. Maswali yale yale ya ng'ombe aliyepotea. Kisha akapiga mwano. Yowe likapokelewa nyumba hadi nyumba, na wewe unajua mwano ukilia hakuna wa kubaki ndani. Wanaume wakatoka na fimbo na filimbi, tayari kwa wezi wa mifugo. Walipoambiwa njiani kwamba anayetafutwa ni bibi mwenye kitenge cha njano na kandambili moja, walishafika mbali, wakaona aibu kurudi.

Walimkuta lamboni. Ng'ombe wanakunywa maji, na yeye ameketi na Luhaga wangu, wanakula michembe ya viazi vikavu kwenye bakuli moja. Mama anamgombeza, "Ng'washi, yule mwekundu anapotea, huoni?" Na Luhaga ameinamisha kichwa anajibu, "Nimemwona, dada."

Ng'washi ni yule mjomba wetu mwingine aliyekufa kwa surua akiwa kijana, aliyekuwa akichunga na mama. Ndiye mama anayemwona akimtazama Luhaga. Na ilikuwa hivyo tangu Machi. Nilijua, Januarius. Nilikuwa nikimwona mama anavuka kumfuata, nami najilaza kidogo, ila sikudhani angeweza kufika mpaka lamboni. Ndiyo maana sikuandika.

Kesho yake kikao kikaketi uwanja wa gulio. Mkwe amekula na mama mkwe, chombo kimoja, mbele ya ng'ombe na watu. Mzee Mwandu alimsimamisha.

"Luhaga, ulikaa na mama mkwe wako ukala naye?"

"Nilikaa, mtemi."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nilikimbia mwezi wa pili wote. Nikachoka. Hata ng'ombe walikuwa wakimwona mayu, huyu mama, anakuja wanaanza kukimbia wenyewe."

Watu wakacheka, Mwandu akawanyamazisha kwa fimbo.

"Yeye alikuita nani?"

"Ng'washi."

"Alikuita mkwe hata mara moja?"

"Hapana, mtemi."

Mwandu akawageukia wazee. "Sasa Ng'washi ana kosa gani kula na dada yake?"

Wazee wakagawanyika. Baba mdogo Mayige akasimama, mgongo ukiwa mzima kabisa, akauliza itakuwaje mama akili zikimrudi ghafla akajikuta anatafuna na mkwe. Wakabishana mpaka jua likageuka. Mwisho wakaamua hivi: akimwita Ng'washi, Luhaga ni Ng'washi, aitike na ale. Mama akijifunika uso mwenyewe, basi amekumbuka, na Luhaga akimbie kama zamani. Nimeolewa na mtu mmoja, sasa nina mume wa zamu.

Hapo Specioza, mwenyekiti wa jumuiya yetu kanisani, akasimama bila kuitwa. "Mmemtengeneza mwanaume, wabeja, asanteni. Na Klementina nani anamtengeneza? Jumapili amesinzia amesimama, kwenye Nasadiki." Nilitamani ardhi inimeze, halafu nikalia mbele ya watu wote, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitaja mimi. Wanawake wakapanga zamu pale pale. Kila siku kuna wa kukaa na mama, wanasuka ukili, wanachambua maharage, anawaambia hawajui. Na sungusungu wakatangaza kwamba yeyote atakayemwona mama yuko peke yake apige mwano, na yeyote mwenye neno kuhusu macho ya mama alilete kikaoni alisemee hapo. Hakuna aliyelileta. Yule mama wa mtoto aliyeugua tumbo sasa ana zamu Jumatano.

Jana nimelala mchana. Nimeamka sijui ni siku gani, nikadhani ugonjwa umenipata.

Siulizi tena unakuja lini.

Klementina


Tabata
14 Julai 2024

Dada Klementina,

Shikamoo. Familia haijambo.

Nimesoma barua yako mara kadhaa, na Joyness pia. Kwa hiyo mama yangu amejadiliwa uwanja wa gulio kwa utaratibu wa mifugo. Ametafutwa kwa filimbi. Wazee wamekaa wakamtungia sheria mkwe wake ale naye sahani moja, na mwanamke aliyemsema vibaya ndiye amekabidhiwa amlinde. Nami nitajibu nini nikiulizwa na watu wa ukoo? Kwenye kundi tayari kuna ukimya, hata mikono hawatumi.

Nimeamua. Nimeomba likizo, nitafika wiki ya Nanenane kumchukua mama. Chumba kiko tayari, kina feni na vigae, dirisha lina nondo na mlango una kitasa cha nje. Tutapata msichana wa kukaa naye tukiwa kazini. Huku kuna wataalamu. Mfungashie nguo na usimwambie chochote, mimi nitamweleza mwenyewe. Mama ni mama yangu. Nikimwambia twende, atakuja.

Januarius


Nkololo
1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Umefika salama, nasikia kwa watu wengine. Kwetu hatujambo. Ulisahau chaja.

Uliondoka bila kuaga na sikukasirika, maana ningekuwa wewe hata mimi ningeondoka hivyo. Lakini wewe ulikuwa upande mmoja wa kihenge na mimi upande mwingine. Ya upande wako unayajua. Ulishuka kwenye bodaboda na shati limechomekewa, viatu vinang'aa, ukasema, "Mama, ni mimi Januarius," naye akajifunika uso na kitenge akakimbilia nyuma ya kihenge. Hajamkimbia mtu tangu ugonjwa uanze, akaja kumkimbia mwanawe. Luhaga alibaki na michembe mkononi, hajui akimbie yeye au wewe.

Ya upande wangu ni haya. Mama alikuwa amenishika mkono, ananinong'oneza, "Kwa nini hukuniambia mkwe anakuja? Amenikuta kichwa wazi!" Nikamwambia, mama, huyo ni Januarius, mwanao. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Mwanangu yuko darasa la tatu. Huyo ni mkwe. Angalia viatu. Mpe kiti, mpe maji, umchinjie kuku." Ndiyo maana ulikula kuku siku zote nne. Si mimi niliyeagiza.

Nilicheka, nikaziba mdomo. Halafu nikakuona umesimama katikati ya uwanja na lile begi, na kicheko kikaisha. Nilikuwa na hasira nawe tangu Krismasi ya mwaka juzi, uliposema utakuja na hukuja, na nilidhani nikikuona unaumia nitafurahi. Sikufurahi.

Na siku ya lile gari ulilokodi kumpeleka stendi, ulipomwomba Luhaga amwamrishe apande kwa sauti ya Ng'washi, ulisikia alivyojibiwa: "Nipande gari moja na mkwe? Wewe Ng'washi huna adabu tangu utoto." Hukusikia aliyoyasema ndani, mlango ukiwa umefungwa. Alilia. Alisema tunataka kumwaibisha mbele ya mtu wa heshima. Siku zote ulizokuwa uani hakutoka nje kuota jua.

Gari lako lilipopotelea kwenye vumbi akatoka, akaketi mahali pake, akauliza, "Mkwe ameenda? Amekula?"

Nikasema amekula.

"Ana heshima yule. Siku ya kwanza alinisogelea, nadhani ni ugeni. Baadaye alikuwa anasimama kule kwenye uzio, amegeuza uso. Wazazi wake wamemlea vizuri."

Nimekaa na maneno hayo mpaka leo, sijui niyaweke wapi. Nimeona ni yako, nimekutumia.

Dada yako,
Klementina


Tabata
29 Septemba 2024

Dada yangu Klementina,

Shikamoo. Sisi wazima. Watoto wamefaulu, mmoja vizuri na mwingine kwa neema. Chumba cha feni amehamia mtoto mkubwa, na kile kitasa cha nje nimekitoa. Kundi la ukoo nimelifunga, hakuna aliyeuliza.

Ule ukaguzi ulikwisha Machi. Nilikuwa naiogopa siku ile, basi. Kwenye simu ningeweza kuendelea kuwa mwanawe kwa miaka, kwa "ndiyo baba" mbili kwa wiki. Nilijua nikija ataniangalia na hatanijua, nikawa nimejiandaa kwa hilo tu, kusahaulika. Sikujiandaa kupewa cheo. Ndani ya basi, mpaka tunapita Shinyanga, nilikuwa bado nauliza ni kosa gani nimefanya mpaka mama anikimbie, na barua yako ndiyo imenijibu kwamba hakuna. Nimeisoma chooni kazini, nikachelewa kutoka.

Sasa naomba unifikishie jambo kwa mzee Mwandu. Kama Luhaga akiitwa Ng'washi anakuwa Ng'washi, basi mimi nikiitwa mkwe ni mkwe, na mkwe ana kazi zake. Mkwe analima shamba la wakweze. Anaziba paa. Anakata kuni anaziacha mlangoni anaondoka. Nimepata likizo bila malipo, mvua zikianza Novemba nitakuja kulima shamba la mama. Nitalala kwenu. Nitatoka akiwa bado amelala na nitatoka shambani kabla hajaja kuota jua, na kama tukigongana njiani mimi ndiye nitakayeingia kichakani. Wewe utalala, hata mchana, hata kwenye Nasadiki. Nitabaki mpaka palizi ya pili.

Hivi viatu nitavivaa njiani, ili akichungulia dirishani asishtuke, aone ni yule yule.

Akiuliza nani analima, mwambie ni mkwe wake. Nataka aendelee kunisifu. Lakini jina langu usimtajie, dada, usimlazimishe. Siku moja likimjia lenyewe, aniite tu kwa sauti. Nitakuwa hapo hapo shambani.

Mdogo wako,
Januarius